Msusi Asiwe Mhusika Mkuu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wa kusoma ametangaza: anatafutwa mzazi mmoja wa kuwasomea hadithi watoto wa darasa la tatu kila Ijumaa. Majaribio ni Ijumaa hii. Sharti: baada ya kusoma, mzazi awaulize watoto mhusika mkuu, mandhari, mgogoro na funzo. Kitindamimba wangu kanishika gauni, kauliza kama kweli nitashinda, maana keshawatangazia wenzake. Nimemwambia hilo limekwisha. Kitabu Kitakatifu nimekisoma mara mbili, ukitoa zile kurasa za majina matupu.

Jioni nasikia wifi yangu naye kajiandikisha. Wifi! Msusi, saluni yake inatazamana na cherehani yangu, na mdomo wake haujapumzika tangu niolewe na kaka yake. Nimemwombea. Kisha nimepanga kumshinda.

Jumanne, 4 Machi
Mbinu! Nimeitunga hadithi mwenyewe. Nani atajua majibu kunishinda? Mhusika mkuu, yaani yule ambaye mambo yote yanamzunguka: fundi mshonaji, mcha Mungu, mpole, si mbaya wa sura. Mandhari: chumba cha cherehani, asubuhi. Mgogoro: msusi fulani (hatumjui) anamzushia fundi kwamba anaiba vitambaa. Mwisho: fundi anamsamehe mbele ya umati. Umati unalia. Funzo: waheshimuni mafundi.

Daftari limebakiwa na kurasa mbili tu. Nimeandika kwenye karatasi ndefu ya kukatia nguo.

Jumatano, 5 Machi
Nimemsomea mume wangu. Analalamika kwamba humo mambo yote ni ya msusi: anafukuzwa na mbwa, anaruka ukuta, anatumbukia kwenye pipa la maji, na fundi muda wote huo kakaa anasali. Nikamwambia yeye ni fundi bomba, abaki na mabomba yake.

Wifi kapita mlangoni, kauliza kama nimeshanunua miwani ya kusomea au nitawabahatishia watoto wa watu. Nikacheka kwa upendo mpaka taya zikaniuma.

Alhamisi, 6 Machi
Mteja wa haraka, shati la mahafali. Nimekata, nimeshona, nimekabidhi. Nimesali. Nimekunja hadithi bila kuirudia, mtunzi harudii. Wasiwasi sina hata chembe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekunjua karatasi mbele ya darasa. Tundu! Kubwa, lenye umbo la mkono wa shati. Msamaha wote, umati wote, machozi yote: nimeyakata jana kwa mkasi wangu mwenyewe! Kupitia tundu nikamwona mwanangu kafumba macho.

Nikasoma kilichobaki. Mbwa, ukuta, pipa. Watoto wakagaragara kwa kicheko. Nikauliza mhusika mkuu ni nani. Darasa zima: msusi! Nikaulizia fundi, kwa upole. Mmoja mwenye pengo akanielimisha kwamba huyo ni mhusika mdogo, hata akiondolewa hadithi haipungukiwi kitu. Funzo? Kabla ya kuruka ukuta, chungulia upande wa pili.

Nafasi kapewa wifi. Alisoma kitabu cha kawaida kabisa, chenye kurasa zote.

Mwanangu kanishika mkono mpaka nyumbani. Kaniambia shangazi kasoma vizuri, ila inayoigizwa uwanjani ni hadithi yangu. Wanagombania nani awe msusi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari. Kosa si langu. Watoto bado wachanga kwenye mambo ya fasihi.

Mchana kaja wifi, mpole ajabu. Eti watoto wanadai sehemu ya pili, kitabu chake hawakitaki tena. Je, wifi yake kipenzi anaweza kumwandikia asome Ijumaa? Na msusi, tafadhali, apewe gari. Jekundu.

Nimekubali, sisi ni ndugu. Nimeshaanza. Fundi anasali kurasa tatu nzima, watoto watampenda tu. Gari nimempa msusi, jekundu kama alivyotaka. Breki sijamtilia.

Mungu anajua si chuki. Ni mgogoro.