Mkakati wa Kuitoa Familia Nje

Jumanne, 3 Machi

Nimejigonga nyundo kidole gumba. Si kosa langu, msumari ulisogea. Bosi seremala akasema misumari yake haijawahi kumsogelea mtu mwingine, niende zahanati. Nesi akanifunga bandeji huku akiniuliza nyumbani niko na nani. Nikajibu watu tele. Akauliza kama tunazungumza. Nikacheka. Nikaona nacheka peke yangu. Akasema familia ikitoka nje pamoja, ikapunga upepo na kupiga soga za kawaida tu, hata presha hushuka.

Basi! Wazo likanigonga kuliko nyundo.

Maana kwetu sisi! Baba chumbani na redio yake mbovu. Mama sebuleni na cherehani. Dada na simu, waya masikioni. Tangu kaka mkubwa ahamie kazi ya mbali, huu mwezi wa tatu, sijasikia sentensi yenye mkia humu ndani. Nimewaonyesha kidole. Baba: pole. Mama: pole. Dada: pole, akiitazama simu. Jumla herufi kumi na mbili.

Nitaiokoa familia hii. Akili ninazo. Shule niliishia kidato cha pili kwa sababu walimu waliishiwa.

Alhamisi, 5 Machi

Nimetengeneza benchi kwa vipande vya mbao vya karakana. Benchi la nguvu! Nimeliweka uani, nikatangaza kwa sauti kwamba kuanzia leo tunakaa nje. Mama akanishukuru sana, akatua beseni la nguo juu yake. Baba akaanika viatu. Dada, huyo ndiye aliyekaa, kwa sababu pale mtandao unashika. Nikakaa ncha ya pili, nikamuuliza siku imekwendaje. Akainuka. Benchi likainuka naye upande wake. Mimi chini, pu!

Nikabaki nimelala hapohapo, nione nani atatoka kuuliza kishindo cha nini. Cherehani ikanyamaza. Nikafumba macho ili nionekane nimeumia vizuri.

Kumbe Mama alikuwa anabadilisha uzi.

Jumamosi, 7 Machi

Ukweli haufanyi kazi katika nyumba hii. Kuanzia leo natumia kipaji.

Mama nimemwambia mwalimu mkuu anataka kumpa kazi ya sare, wakutane kesho saa kumi jioni kwenye uwanja nyuma ya shule. Baba nimemwambia saa hiyohiyo, uwanja huohuo, kuna mzee anauza vipuri vya redio kama yake. Dada nimemwambia wamewasha mnara mpya, uwanjani intaneti ni bure. Akayabandua macho yake kwenye simu! Akaniita mdogo wangu! Nikakohoa ili nisionekane nimefurahi.

Wakikutana tu, mimi nachomoza na karanga. Nimeandika mada kumi za mazungumzo. Ya kwanza: kidole changu.

Jumapili, 8 Machi

Nilifika mapema, nikajificha nyuma ya tangi la maji. Mama akaja na tepu ya kupimia shingoni. Baba akaja na redio kwenye mfuko. Dada akaja ameinua simu juu kama mtu anayeomba mvua. Wakasimama mbalimbali, kila mmoja akisubiri mtu wake.

Mwishowe Mama akamuuliza Baba anatafuta nini pale. Baba akamuuliza yeye je. Dada akavua waya. Wakaelezana. Nikafunga vifungo vya shati, tayari kuchomoza.

Baba akasema, yule mwanao! Mama akajibu kwamba nikidanganya mimi ni mwanawe yeye, siku nikipata akili nitakuwa wa Baba. Baba akacheka. Baba! Sikujua kama bado anacho kicheko. Nikasema moyoni, ngoja kiive kwanza.

Wakakaa kwenye nyasi. Baba akasimulia nilipokuwa na miaka mitano nikamuuzia jirani viatu vya Baba mwenyewe, kisha nikamsaidia Baba kuvitafuta. Dada akasimulia la benchi, muongo mkubwa, eti nilipiga yowe. Mama akampima Baba kitambi kwa tepu, akaomba tepu nyingine. Wakalia kwa kucheka. Halafu wakampigia kaka, sauti nje! Nikaisikia sauti yake mpaka nyuma ya tangi. Akauliza, na huyo msumbufu wangu yuko wapi? Dada akasema yuko nyumbani anajiona mjanja.

Nilitaka kutoka. Lakini walikuwa wananizungumzia mimi, na vizuri. Nikitokea watanyamaza. Nikachutama hivyo mpaka miguu ikafa ganzi. Jua lilipopungua wakaondoka kwa njia ndefu, watatu bega kwa bega. Karanga nimezimaliza mwenyewe.

Jumatatu, 9 Machi

Mkakati umefaulu kwa asilimia sabini na tano! Watatu kati ya wanne. Asubuhi Mama akaniuliza jana nilikuwa wapi, walinitafuta. Nikamjibu nilikuwa na kazi za watu wazima.

Jioni hii Baba amekuja mlangoni kwangu. Amesema wenzangu wako nje wanapunga upepo, nami nitoke. Nikamwambia asinisumbue, niko katikati ya Mkakati wa Pili: namna ya kumwingiza mtu wa nne kwenye mazungumzo bila wenzake kushtuka. Unahitaji telegramu ya uongo, kofia ya mtu wa posta na jirani mwenye siri. Akaegemea mlango, akaniuliza kidole kinaendeleaje. Nikamwambia hiyo ni mada namba moja, wakati wake haujafika. Akasema haya, akatoka.

Sasa wanacheka huko nje, mawazo yangu yanatawanyika. Nimefunga dirisha.