Pikipiki Mpya, Nta ya Nyuki na Mama Mkwe

Jamaa zangu wa bweni, leo sina uso. Huu nilio nao umevimba upande mmoja, jicho la kushoto limefungwa kama duka siku ya Jumapili. Nawaandikia nikiwa nimesimama. Kukaa bado. (Sababu mtaifahamu. Msirukie mwisho.)

Mnajua nimenunua pikipiki. Kama hamjui, basi nyinyi ndio watu pekee ambao sijawapigia honi. Ilikuja kwa gari moshi mpaka stesheni ya Emali, ndani ya kasha la mbao, imefungwafungwa kwa karatasi kama maiti ya tajiri. Nyekundu! Mpya! Kasha lilipofunguliwa na ile harufu ya raba ikatoka, macho yakanilengalenga. (Nilimwambia karani wa stesheni ni vumbi.)

Halafu nikaanza kuogopa. Mnanijua. Kitabu cha maelezo kilisema injini mpya isikimbizwe mpaka izoee. Izoee nini? Barabara? Mimi? Kitabu hakikusema. Kwa hiyo nikawa naenda mwendo wa maandamano ya mazishi. Siku moja, kwenye kile kilima cha kuingia mji wa Wote, mama mmoja na punda wake wa maji walinipita. Akageuka, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Pole, mwanangu. Imeharibika?"

"Hapana, mama. Inazoea."

Alimtazama punda wake. Punda naye akanitazama.

Jioni nilikuwa naiosha, naipangusa, kisha naketi mbele yake nikisoma kitabu cha maelezo kwa sauti. Musyoka, mwenzangu wa ofisi ya kilimo ambaye tunakaa nyumba moja, alivumilia kwa muda. Mwishowe akauliza, "Wewe Mutua, hii kitu utaiendesha ama utaioa?"

Nilitaka iwe yangu, si ya kiwandani. Nikaitafutia vishada vya rangi mwishoni mwa usukani. Nikaweka vioo viwili vya kutazama nyuma, nikafikiria, nikaongeza cha tatu. Fundi cherehani akanishonea kiti kitambaa chekundu chenye pindo nyeupe. Yule fundi wa kuchora mabango ya maduka alipokuja kuandika kwenye raba ya madigadi ya nyuma, alitaka kuandika SIMBA WA UKAMBANI. Nikaona taabu. Je, watu wakisema najivuna? Je, nikianguka? Simba aliyeanguka anachekwa kuliko mtu wa kawaida. Nikamwambia aandike POLEPOLE. Aliandika akinung'unika.

Sasa tufike kwenye sanduku.

Mbao za lile kasha zilikuwa nzuri mno kuchomwa, basi seremala akanitengenezea sanduku lenye kifuniko cha bawaba, nikalifunga kwenye keria, nyuma ya kiti. Safari ya kwanza nilitia shati jeupe ndani. Likatoka jekundu. Vumbi la barabara zetu mnalijua, linaingia hata kwenye mawazo. Nikakesha nikiwaza jinsi ya kuziba zile nyufa. Rangi? Ingenuka. Lami? Ingeshika nguo. Ndipo nikapata wazo ambalo nililiona la msomi kabisa: nta ya nyuki! Nikanunua bonge sokoni kwa wauza asali, nikaiyeyusha, nikapaka ndani yote, kona kwa kona, mpaka sanduku likang'aa na kunukia. Kisha nikawaza, je, mkate ukikosa hewa hautaota ukungu? Nikatoboa kitundu kimoja kidogo upande wa mbele.

Ngoja niwapangie mambo haya vizuri. Sanduku la mbao. Limepakwa nta ndani. Lina kitundu kimoja kidogo.

Mimi ni Mkamba. Babangu ana mizinga kila mti wenye tawi la kueleweka. Nimekua nikimwona akipaka mizinga nta ili nyuki wavutiwe na kuhamia. Na nina shahada ya kilimo! Lakini akili ni kitu cha ajabu. Ukiifunga kwenye pikipiki, haitambui kitu kingine.

Wiki hii yote migunga imechanua baada ya mvua, na nyuki kadhaa wamekuwa wakizungukazunguka sanduku langu pale nje ya ofisi. Wanaingia kitunduni, wanatoka, wanaondoka, wanarudi na wenzao. Nilifurahi. Nilidhani wanasifu kazi. (Walikuwa wanakagua nyumba ya kupanga.)

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nilikuwa naenda nyumbani kwa kina Mumbua, mbele kidogo ya Kathonzweni, nikaonekane kwa babake. Mumbua mnamkumbuka, yule mwalimu niliyewasumbua naye mwaka mzima. Babake naye ni Mwalimu Kiilu, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa. Kuna kijana mmoja aliwahi kufika pale kabla yangu. Alisalimia mkono mmoja ukiwa mfukoni. Alirudishwa kabla ya chai.

Na lilikuwako jambo lililonitia hofu zaidi: nthoni. Ninyi mliotoka pande nyingine niwaeleze. Kwetu, mwanamume na mama wa mchumba wake hawazoeani. Mkikutana njiani, unaacha njia. Humkazii macho, humkaribii, huketi naye. Wengi siku hizi wamelegeza, lakini si nyumba ya Mwalimu Kiilu. Mumbua alinionya mapema: "Mama atakuwa jikoni. Wewe kaa na wazee mbele. Usikanyage upande wa jikoni, Mutua. Hata ukiona nyumba inawaka."

"Ikiwaka kweli?"

"Mutua!"

"Sawa."

Basi asubuhi nikapakia sukari, majani ya chai, mikate na blanketi la mama mkwe ndani ya sanduku, nikafunga. Nikapiga kiki, ikaitika mara moja. Asubuhi njema! Hewa safi, mbaazi zimechanua mashambani, vishada vinapepea. Nilikuwa na furaha ambayo hata kuifikiria sana hakukuiharibu.

Nilipofika kwenye mto mmoja wa mchanga nikawaza, je, hotuba yangu? Nikaegesha pikipiki kivulini, nikashuka mtoni peke yangu kufanya mazoezi, mbali kidogo ili wapita njia wasidhani nimerukwa na akili. Nilimsalimia Mwalimu Kiilu pale mchangani kwa kila namna. Kwa unyenyekevu. Kwa ushujaa. Kwa Kiingereza. Nikachukua muda mrefu. (Muda wa kutosha kabisa kwa jamaa fulani kuhama na familia nzima.)

Niliporudi na kuwasha, nikasikia mlio mpya. Vuuu. Chini kwa chini. Beringi? Mnyororo? Nikazima ili nisikilize. Mlio ukaendelea! Nikatoa kitabu cha maelezo mfukoni, nikasoma sura yote ya matatizo ya injini pale kando ya barabara. Hakuna ugonjwa wa injini inayolia ikiwa imezimwa. Nyuki wawili watatu wakapita karibu na sikio langu. Nikalaumu mafuta yangu ya nywele. Nikaendelea na safari, polepole kama ilivyoandikwa.

Nikafika. Uwanja umefagiwa, viti vimepangwa. Mwalimu Kiilu amevaa koti na tai juani, pamoja na ndugu zake wawili. Nikasalimia mikono yote ikiwa nje. Ikapokewa! Mwalimu hata akatabasamu upande mmoja, kisha akainuka kuizunguka pikipiki.

"Polepole," akasoma madigadi kwa sauti. "Hilo ni neno la mtu mwenye akili."

Jamaa, nilirefuka.

"Na vioo vitatu?"

"Wawili wa kuona nyuma, Mwalimu, na mmoja wa akiba."

"Vioo hesabu yake si wawili. Ni viwili."

"Viwili, Mwalimu."

"Lakini mpango ni mzuri. Kijana anayejali alichonacho." Akageukia ndugu zake, nao wakatikisa vichwa. Mumbua, aliyekuwa amesimama mlangoni na trei ya chai, akanikonyeza. Mambo yalikuwa yamekamilika! Ningenyamaza hapo, sasa hivi ningekuwa nimeketi.

Mwalimu akainamisha sikio. "Inalia nini?"

"Ni injini inapoa, Mwalimu."

"Injini iko mbele. Hii sauti iko nyuma."

"Ni... joto limehama, Mwalimu."

Akanitazama jinsi walimu wanavyotazama. Nikaona nimpeleke kwenye jambo la kujivunia. Nikagonga kifuniko kwa kiganja, pa! pa! pa! "Hili sanduku nimelibuni mimi mwenyewe. Limezibwa kabisa. Hata vumbi haliingii. Tazama."

Nikafungua.

Kwanza hakikutokea kitu. Niliona blanketi la mama mkwe limekuwa na rangi ya kahawia, nalo linatembea. Nikapata muda wa kuwaza, je, nilinunua blanketi la kahawia?

Halafu mbingu ikatiwa weusi.

"NYUKI!" Ndugu mmoja wa Mwalimu alipita juu ya kiti bila kukigusa. Mwingine aliingia nyumbani na kiti kikiwa bado mkononi. Mwalimu Kiilu, mzee wa kanisa, alikunja koti kichwani akakimbia kwa mtindo wa shuleni kabisa, magoti juu, akajifungia chooni. Trei ilianguka. Mumbua akawa ndani kabla vikombe havijafika chini.

Mimi nikabaki. Nyuki mmoja akanipiga shavuni, mmoja kwenye kope. Wa tatu, Mungu amsamehe, akapanda kwa ndani ya suruali. Nikamsikia akipita goti. Nikamsikia akipita goti akiendelea juu. Jamaa, kuna mahali mtu hawezi kusubiri afikiwe. Nikafungua mkanda.

Na ndipo masomo yangu yote ya chuo yakanirudia katika wazo moja safi: nyuki huogopa moshi. Nikatupa macho uwanjani. Moshi ulikuwa unatoka mlango mmoja tu.

Nikaingia mbio, suruali ikiwa kwenye vifundo vya miguu, ikanikwaza kizingitini, nikaanguka kifudifudi kando ya mafiga. Mle ndani kulikuwa giza na moshi mzito. Nikaona shuka kubwa limening'inia mbele yangu, nikatumbukiza kichwa chini yake, nikashikilia kwa mikono yote miwili.

Shuka lilikuwa na miguu.

Sufuria ikatokota.

"Ni nani?" sauti ya mama ikauliza juu yangu, taratibu sana.

Nikafumba macho. Niliwaza, nthoni inakataza kuonana. Nisipoona, huenda haijavunjika. "Ni mtu wa kilimo, Mwaitu," nikasema. (Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa heshima. Heshima! Nikiwa chini ya leso yake!)

"Wa kilimo. Umekuja kukagua nini huku?"

"Nyuki, Mwaitu."

"Nyuki wako wapi?"

Nikashindwa kumwambia mama mkwe walikofika nyuki. Yule wa tatu akanisaidia. Akauma. Nikapiga ukelele ambao mpaka sasa majirani wanaujadili.

"Aa," akasema mama. "Nimeelewa. Toa kichwa, mwanangu, lakini usifungue macho. Na mimi nimefumba yangu."

Nikatoa kichwa. Akapapasa papo hapo ukutani, akanirushia gunia. Nikajifunga. Tukabaki hivyo, yeye upande ule wa moto, mimi upande huu, wote tumefumba macho, tumekaza midomo. Nikasikia mlio kama wa mtu anayebanwa na pumu. Nikaingiwa na wasiwasi. Nimemuua mama mkwe! Kumbe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akaketi chini, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza pia. Mumbua alipoingia kwa mlango wa nyuma alitukuta hivyo, vipofu wawili kwenye moshi, mmoja amevaa gunia. Alirudi nje kwanza, akajishika ukutani.

Nyuki walitulia baada ya muda, wakarudi kwao, yaani kwenye sanduku langu. Mwalimu akatoka chooni akiwa ameinyoosha tai. Nilisimama mbele yake na gunia langu, suruali mkononi, shavu kama tikiti. Hotuba zote zilikuwa zimebaki mtoni. Nikasema tu, "Mwalimu, nisamehe. Nampenda mtoto wako. Nikiruhusiwa nitajifunza kufikiri kidogo."

Aliangalia pikipiki, vioo, sanduku. Kutoka jikoni sauti ya mama ikaja, nyembamba kwa kucheka, "Baba Mumbua, huyu usimrudishe. Tangu tuoane sijachekeshwa hivi."

Mwalimu akakohoa. "Asali ni sehemu ya mahari," akasema hatimaye. "Wengi huleta asali kwenye debe. Sijawahi kuona aliyeleta watengenezaji wenyewe. Sanduku libaki. Na kwa kuingia jikoni, utamletea mama mbuzi wa kuondoa hiyo aibu. Jike, si dume."

"Jike, Mwalimu."

"Sasa vaa suruali, tuombe."

Nimerudi Wote nimesimama juu ya vikanyagio njia nzima, keria tupu, nikiimba. Blanketi la mama mkwe limebaki na wenyewe. Musyoka aliponiona alitaka kujua ajali ilikuwa wapi. Nilimwambia jikoni. Bado amelala sakafuni anajishika mbavu.

Nanyi chekeni leo mmalize kabisa, kwa maana harusi ni Desemba, na mama mkwe amesema kanisani atakaa kiti cha mbele akiwa amefumba macho.