Kuzikwa kwa Dume la Makoye

Usevya, Katavi

Ndugu Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na mitambo yako ya kuchapia. Mimi ni Josephat, mkulima wa mpunga hapa Usevya, mwanakwaya, mtu nisiyependa maneno mengi. Lakini yaliyotupata yamenishinda kunyamaza.

Jirani yangu Makoye, mfugaji, alikuwa na dume la ng'ombe lililonona. Jioni lilikula vizuri, asubuhi tukalikuta limekufa, damu nyeusi inalitoka puani. Tulikuwa tumeshaanza kulichuna ndipo alipofika afisa mifugo wetu, Mama Prisila, na wataalamu kutoka nchi tatu za jirani waliokuwa kwenye semina Mpanda.

“Nyie, acheni hiyo nyama!” akapaza sauti. “Hicho ni kimeta, kinaua watu!”

Wakachimba shimo, wakalifukia dume na minofu yake yote, wakamwagia chokaa. Hapo ndipo ninapolalamika:

1. Wataalamu walitufundisha kwamba ugonjwa hauna mipaka. Mimi nilipokwenda Burundi kumzika shangazi nilirudishwa mpakani kwa kukosa kitambulisho. Iweje kimeta kipite, mimi nizuiwe? Nacho kidaiwe pasipoti.

2. Walisema tatizo hili ni la nchi zote. Vema. Nchi tatu na yetu ni nne, na ng'ombe ana miguu minne. Kila nchi ilete mguu wake. Utumbo tutajitegemea.

3. Mama Prisila alisema huenda nyati na viboko wa hifadhini nao wanaugua. Mbona hawakualikwa kwenye semina? Kesi gani hiyo inasikilizwa bila mshtakiwa? Semina ijayo ifanyike porini, wajumbe walale huko huko, na viboko wapewe nafasi ya kuuliza maswali.

4. Nyanzala, mke wa Makoye, aliuliza watoto watakula nini. Mgeni mmoja akamvisha kofia iliyoandikwa “Afya ni Moja”. Kofia ile tumeijaribu, haiivi.

5. Babu zetu walikula mizoga wakazeeka. Hao waliokufa mapema walikufa wameshiba, na hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika. Kwa hiyo naomba mataifa yatie saini mkataba: chanjo wachomwe wataalamu, maana ndio waoga, na nyama tuachiwe sisi.

Wasalimie wahariri wenzako, madereva wa gari la magazeti, na wauzaji wote wa pale Kashaulili, Mpanda mjini.

Ni mimi, mtetezi wa kitoweo,
Josephat

N.B. Mwandiko huu ni wa binti yangu Yustina. Mkono wangu niliochunia umevimba, una kidonda cheusi ambacho cha ajabu hakiumi. Makoye amelazwa tangu juzi. Tafadhali, kabla hujaichapa barua hii, mpigie simu Mama Prisila umwambie aje upesi na wale wageni, wa nchi yoyote ile, na wasisahau dawa. Ningempigia mwenyewe, ila naona haya.