Vidonge vya Tata Ndani ya Kahawa

Jumatatu, 2 Oktoba 1989. Kashozi.
Tata, baba yangu, hamezi dawa! Leo nimekuta vidonge sita chini ya mkeka wake. Sista wa zahanati alisema wazi: kiharusi cha kwanza kimechukua mkono wa kulia na nusu ya maneno, asipomeza dawa ya presha kila asubuhi, cha pili kitamchukua yeye mwenyewe. Nimeogopa. Nimemuuliza sababu. Kageukia ukutani. Dada yangu Kokubanza, aliyekuja kutoka Muleba kumuuguza, anataka tukae naye tuzungumze. Wanawake na mazungumzo! Mimi nina mpango.

Jumanne, 3 Oktoba.
Tata hukataa dawa, hakatai kahawa ya kutafuna, zile buni kavu tunazokaribishia wageni. Basi! Nimepasua buni tatu, nimetoa punje, nimetia vidonge, nimegandisha kwa utomvu wa mgomba. Tatu, kufidia siku alizoruka. Hazitambulikani. Kazi safi.

Jumatano, 4 Oktoba.
Jirani yetu Ta Buberwa kaja kumjulia hali Tata. Nikaweka kikapu cha kahawa mbele ya Tata, buni zangu juu. Tata kakisukuma kwa mgeni. Bila shaka! Mgeni ndiye hutangulia, najua tangu utotoni. Buberwa kachukua tatu za juu. Nikamwambia za chini ni tamu zaidi. Kasema hajawahi kuona mtu akimchagulia mgeni kahawa. Katafuna zote, kasifu uchungu wake. Kabla ya kuaga alikwenda migombani mara tano.

Alhamisi, 5 Oktoba.
Buberwa yu hai, ila anatembea kwa kushika ukuta. Ametangaza kwamba kahawa yetu ina mkono wa mtu. Hakuna mgeni aliyekuja. Tata kashinda mlangoni akitazama njia. Nimeona aibu. Kidogo.

Ijumaa, 6 Oktoba.
Kokubanza kazungumza na Tata. Nilisikiliza nyuma ya dirisha. Tata kasema polepole, "Watasema nina ugonjwa huu."
Mwaka huu tumezika watu wa Ukimwi karibu kila wiki, na anayeonekana na vidonge watu huanza kumuaga kwa macho. Kokubanza hakubishana naye. Kamwita Buberwa, kamweleza kila kitu, hata habari ya buni zangu (hakukuwa na haja!), kisha kampa Tata kidonge mbele yake. Tata kameza. Kamgeukia Buberwa.
"Presha," kasema.
Neno zima, halikukatika. Nililia palepale dirishani.

Jumapili, 8 Oktoba.
Siku ya tatu Tata anameza mwenyewe, tena mbele ya wageni. Yote kwa sababu ya kahawa yangu, ingawa hakuna anayenishukuru. Kokubanza karudi Muleba baada ya misa. Kaniachia agizo la Sista: kila jioni Tata atembee hadi barabarani, nimshike mkono, taratibu. Taratibu! Jioni hii amegoma kabisa kuinuka kitini. Lakini Buberwa ana fahali mkali sana, na najua anapomfunga. Kesho jioni nitamfungua.