Prosesa Yenye Njaa na Kadi Mama ya Chui

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Prosesa imefika! Mpwa wangu wa Bukavu aliifunga ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo la maziwa, kopo ndani ya gunia la vitunguu. Imeingia Kasongo salama. Inanuka vitunguu.

Naeleza, kwa faida ya watakaosoma. Prosesa ni ubongo wa kompyuta. Hii yangu ina nguvu kupindukia na inakula umeme kama mgeni wa harusi anavyokula wali. Tena inaruhusu kuongezwa mapigo, yaani kulazimishwa ifanye kazi haraka kuliko ilivyoandikiwa kiwandani. Walioiunda walikuwa waoga. Mimi si mwoga. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote.

Sababu ya kuihitaji: juzi binti yetu Cadette aliolewa na Aristote, kijana wa kule Wamaza. Mama ya Aristote, Mama Nsimire, hakuja. Amevunjika mguu, na njia ya Wamaza kwa pikipiki humvunja hata mzima. Hakumwona mwanawe akioa! Basi nilishika maikrofoni nikatangaza mbele ya watu wote kwamba Jumapili hii filamu ya harusi itakuwa tayari, na mume wake, Papa Hippolyte, atakuja kuiona na kumpelekea. Papa Hippolyte akauliza kama nina hakika. Kwa harusi ya mtoto wao wa kwanza, fundi aliwaahidi filamu, na mpaka leo wanangoja, na mtoto wa ndoa ile ameanza shule. Nilijibu kwamba yule alikuwa fundi, mimi ni mwalimu. Makofi! Raphaël peke yake hakupiga.

Raphaël ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Alifundisha jiografia. Kuhesabu mito, basi. Tangu tulipostaafu, kila mmoja wetu ana kibanda cha fotokopi na filamu za sherehe. Yeye ana laptopu kuukuu inayokohoa. Filamu moja inamla siku mbili. Mimi nitamaliza kwa saa moja, mlango ukiwa wazi, yeye akitazama.

Kimebaki kitu kimoja tu: kadi mama.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Sokoni kwa Zuberi, muuza vifaa vya umeme. Ana kadi mama mbili zinazoikubali prosesa yangu, zote za bei ya wastaafu.

Ya kwanza ni mbaya kwa sura. Nzito kama tofali, imekwaruzwa, vumbi tupu. Zuberi huiweka juu ya turubai lisipeperuke. Ya pili mpya kabisa, nyepesi, ndani ya boksi lenye picha ya chui anayenguruma. Ina taa za rangi.

Nilitoa somo. Nilieleza kwamba kadi mama ni ubao ambao vipande vyote vya kompyuta hukaa juu yake, na kwamba mnunuzi mjinga hutazama taa, lakini mwenye elimu hutazama wapagazi. Wapagazi ndilo jina langu kwa vile vidude vyeusi vinavyobeba umeme na kuupima kabla ya kuufikisha kwa prosesa. Mzigo mkubwa unataka wapagazi wengi. Tena wapagazi hutoka jasho, kwa hiyo lazima wavikwe mbavu za aluminiamu za kutoa joto. Ile kadi nzito ilikuwa na wapagazi wengi wenye mbavu nene. Ya chui ilikuwa na wachache, tena uchi.

Watu walisimama kusikiliza. Zuberi alisema, "Mwalimu, masomo mie nilimaliza. Unabeba ipi?"

Nilinyoosha mkono kwenye ile nzito. Ndipo Raphaël akafika. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la chui, akaliinua!

Nikafikiri kwa haraka. Raphaël hainui kitu bure. Amepata habari mahali. Nikalinyakua boksi mikononi mwake, nikalipa, nikaondoka bila kugeuka.

Nina kadi ya chui. Yeye hana. Siku ya ushindi.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nimeunganisha vyote. Jenereta imewashwa. Taa za rangi zinapendeza sana. Mke wangu, Marie-Thérèse, alisema sasa tumefungua baa.

Nikaingiza picha za harusi na kuanza kutengeneza filamu, kwanza kwa mapigo ya kawaida. Mashine ikaandika kwamba itamaliza leo jioni. Marie-Thérèse alifurahi. Akasema, "Papa Cadette, basi uiache itembee."

Kuiacha! Jioni ni lini? Raphaël alikuwa amekaa mlangoni kwake, anatazama huku. Nilimweleza mke wangu kwa upole. Mwanamke anayetwanga sombe, majani ya muhogo, akiongeza mapigo ya mchi, sombe inakwisha upesi. Prosesa ni hivyohivyo: ongeza mapigo, ongeza na umeme ili mkono uwe na nguvu. Marie-Thérèse ametwanga sombe tangu utoto wake. Aliniambia ukiharakisha sana unapasua kinu.

Niliongeza mapigo. Mashine ikaandika: kesho.

Ajabu. Nikaongeza tena. Ikaandika: Ijumaa.

Nikaongeza tena. Ikaandika: Jumatatu!

Nikaeleza, ingawa hakuna aliyeuliza. Wapagazi wamezidiwa na joto, kwa hiyo mashine inapunguza mwendo kwa siri ili wasife. Uvivu huo unataka kukomeshwa. Nikaongeza kidogo tu. Skrini ikazimika. Nilimgusa mpagazi mmoja nihakikishe. Kidole kimetoka lengelenge.

Ng'ambo ya barabara mtu alicheka. Sitamtaja.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Kwa Zuberi, kubadilisha kadi. Alikataa, akasema chui akishatoka porini harudi. Nikaomba basi nipate ile nzito. Haiko tena! Jana fundi anayesubu sufuria aliinunua kwa ajili ya mbavu zake za aluminiamu. Nilikimbia kwa fundi. Alikuwa ameshaziyeyusha. Alinionyesha mwiko.

Mwiko mzuri, lazima niseme.

Niliporudi, nilimwuliza Zuberi kama Raphaël alihuzunika kuikosa kadi ya chui. Zuberi hakuelewa. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Raphaël alikuja kununua betri za redio. Betri zilikuwa chini ya boksi.

Sikumwamini. Raphaël ni mjanja; redio ni kisingizio.

Hata hivyo fizikia haikati tamaa. Metali ni ileile, umbo tu limebadilika. Nikaununua mwiko. Nikaufunga kwa kamba juu ya wapagazi ili ule joto lao. Mtu asiyesoma angeuweka hivihivi, na umeme ungepita kwenye mwiko ukaunguza kila kitu. Mimi niliweka katikati kipande cha mpira wa baiskeli. Mpira huzuia umeme.

Mpira huzuia na joto pia. Hilo nilifundisha darasa la tatu miaka mingi. Nililikumbuka moshi ulipoanza.

Wapagazi wako hai. Mpira umekufa. Nyumba inanuka kama karakana ya baiskeli, na Marie-Thérèse amehamishia biashara yake ya mawese upande wa jikoni.

Mawese!

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Mafuta hayapitishi umeme. Mafuta hula joto. Wazungu huzamisha mashine zao ndani ya mafuta ya dukani. Sisi watu wa Maniema tuna mawese. Mtu anaweza kufa kwa kiu akiwa amekaa ndani ya mto.

Nilisubiri Marie-Thérèse aende kanisani. Beseni kubwa. Madumu yake ya mawese. Kadi ya chui, prosesa na diski vikazama polepole. Taa ziliwaka chini ya mafuta mekundu. Nilitokwa na machozi.

Raphaël aliingia bila kuitwa. Alichungulia ndani ya beseni, akaniuliza, "Mwalimu, makemba utatia saa ngapi?" Kana kwamba nakaanga ndizi! Kisha akasema hiki ni kiangazi, usiku kuna baridi, mawese yataganda. Nilimkumbusha kwamba hali ya hewa ni somo lake, joto ni somo langu. Nikamfungulia mlango.

Saa ya kuwasha: inafanya kazi! Mapigo juu, tena juu, na mashine haipungui mwendo! Filamu ilikwenda kama mtumbwi unaoshuka Lualaba. Ilifika pale Cadette anapoingia na kitenge cha bibi yake mabegani. Ilikuwa inakaribia hotuba yangu, ndipo jenereta ikameza tone la mwisho la petroli. Prosesa hii ina njaa kweli. Nimehifadhi kazi. Asubuhi nitanunua nyingine, nimalizie. Nimeliacha beseni nje ya nyumba lipate baridi ya kutosha.

Marie-Thérèse amerudi. Ameuliza madumu yake yako wapi. Nimemwambia yako kazini.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Yameganda.

Yameganda yote, kama pomadi. Niliwasha hivyohivyo. Prosesa ilijichimbia shimo lake katikati, ikachemka humo peke yake, mafuta ya pembeni yakabaki magumu. Ikazimika. Nikapoteza asubuhi nzima nikichota kwa ule mwiko.

Jua likapanda. Papa Hippolyte anafika kesho. Nilimwona Mama Nsimire moyoni, mguu juu ya kiti, anamsubiri mume wake arudi na kitu mkononi.

Nikafikiri kisayansi. Mafuta yaliyoganda hayapozi. Mafuta yaliyoyeyuka yanapoza. Kwa hiyo ili kupoza mashine lazima kwanza niipashe moto. Nikaliweka beseni juu ya mbabula, makaa machache tu. Nikawasha jenereta. Na kwa kuwa muda umekwisha, nikapandisha mapigo mpaka mwisho wa kipimo.

Dakika moja ya utukufu. Kisha wapagazi wakaanza kupasuka, mmoja mmoja, kama mahindi. Mawese yalinirukia mpaka kwenye miwani. Harufu ilikwenda mtaa mzima. Mama mmoja alisimama kwenye uzio akauliza samaki ni wabichi wa mtoni Nyangwe au ni wa barafu.

Hata diski iliyoshika kazi yangu haikupona. Ilikuwa imezama humohumo, kwa ajili ya usafi.

Marie-Thérèse hakupiga kelele. Alitia kijiko ndani ya beseni, akaitoa prosesa, akaitazama, akaiweka juu ya sahani mbele yangu. Kisha akasema kwamba siku ya Jumatano, mashine ilipoandika Jumatatu, alichukua kadi ya kamera yenye picha za harusi akavuka barabara. Raphaël alitengeneza filamu polepole kwenye laptopu yake. Ilikwisha jana.

Jana! Na yule mtu alikuja hapa, akatazama beseni langu, akanyamaza!

Nilikwenda kwake. Si kwa ugomvi. Nilitaka kumsaidia kuongeza mapigo ya laptopu yake kidogo, ili picha zing'ae. Alifunga mlango, akapitisha na kufuli. Alisema kupitia dirisha, "Kaka, penda mtoto wako. Urudi kwako ulale."

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Papa Hippolyte amefika, mwekundu wa vumbi kutoka miguuni hadi kwenye kope. Kabla ya maji ameulizia filamu.

Tulikaa uani, tukasubiri giza. Raphaël akaleta laptopu yake na shuka jeupe. Lazima nikiri kwamba picha zilionekana. Lakini jina lake, STUDIO RAPHAËL, lilipita juu ya shuka mwanzo mpaka mwisho, kwenye paji la uso wa binti yangu, kwenye keki, kwenye mbuzi. Na hotuba yangu! Nilizungumza kirefu siku ile kuhusu asili ya familia na sheria za mvutano. Amebakiza sehemu moja tu, pale niliposema "kwa ufupi," kisha watu wanapiga makofi.

Papa Hippolyte alilia wazi. Cadette alimshika mkono. Mzee aliomba kipande cha Aristote kumvisha Cadette pete kirudiwe, kisha kirudiwe tena, akasema mke wake atakitazama mpaka mguu upone. Raphaël alimpa flashi yenye filamu. Mzee aliifunga kwenye leso, akaitia mfuko wa ndani wa shati, akafunga kifungo. Alitushukuru sote wawili kwa usawa. Kwa usawa!

Baada ya chakula aliniuliza, mimi na si Raphaël, kama naelewa injini. Ana motopompu ya kutoa maji kwenye shimo la dhahabu huko Wamaza. Inafanya kazi vizuri, lakini angependa iende haraka kidogo. Nikaeleza. Ndani ya kila injini ya namna ile kuna springi ndogo ya chuma inayoizuia isizunguke kwa nguvu zake zote. Walioiunda walikuwa waoga. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima kubwa. Huyu mtu anajua kusikiliza.

Raphaël alimwambia Papa Hippolyte awahi kununua motopompu ya pili. Wivu.

Cadette ameniomba nisiende. Marie-Thérèse hakuomba; ameficha bisibisi zote. Kesho alfajiri nitakuwa nyuma ya pikipiki ya Papa Hippolyte. Kisu cha mezani kinatosha, ni springi ndogo tu.