Kitambaa Chenu cha Buluu Kinatanuka

Bwana Mwenye Duka la Vitambaa,

Salamu kwako, na kwa vijana wako wanaopima kitambaa huku macho yao yakiwa kwenye simu. Mimi ni fundi cherehani wa hapo kona. Naandika kuhusu kitambaa cha buluu ulichoniapia kwamba hakitanuki. Nilimshonea binti yangu sketi ya shule, ikamkaa sawasawa. Sasa sikiliza maajabu yako.

1. Muhula haujafika katikati, sketi ikaanza kumzunguka kiunoni, zipu ya nyuma ikahamia mbele. Nikaipunguza. Ikatanuka tena. Nikaipunguza tena. Kitambaa gani hiki kisicho na haya?

2. Kimeambukiza nguo nyingine. Blauzi, ambayo hata sikuinunua kwako, nayo inapwaya. Nakulaumu wewe kwa sababu zinakaa kabati moja.

3. Hakina joto. Jua la mchana linawaka, mtoto kavaa sweta mbili na vidole ni vya baridi.

4. Kina sumu. Nywele zinabaki kwenye kitana, mambo ya kike ambayo sikuandikii wewe mwanamume yamesimama, na juzi alizimia darasani. Alikuwa amevaa nini? Sketi yako.

5. Kinaua hamu ya kula. Mezani anasukumasukuma chakula, anasema ameshiba, kisha anajifungia chooni na kufungulia maji. Akitoka macho ni mekundu. Hiyo ni rangi yenu inachuja.

Jirani yangu muuguzi ananishauri nimpime mtoto, niache kupima sketi. Nimemwambia ashike sindano zake, nami nishike zangu. Wateja wangu wote wanamsifu binti yangu kwamba amepata umbo. Mgonjwa gani anasifiwa hivyo?

Nataka kitambaa kingine, na uandike kwa mkono wako kwamba kosa ni lako.

Nisalimie mkeo, watoto, na mama anayewapikia vijana wako. Nasikia kwenu sahani hazirudi na chakula.

Kwa heshima na hasira,
Mama Mkasi

Nimesahau: nilitaka kukuletea ushahidi, kwa hiyo nimefumua pale nilipopunguza, nikaitandaza sketi juu ya karatasi ya vipimo niliyoikatia. Imelala ukingo kwa ukingo. Haijatanuka hata kidogo. Usilete kitambaa kingine. Jirani amekwenda kutafuta gari la hospitali, na binti yangu nimembeba mwenyewe mpaka barazani, msichana mkubwa vile, wala sikuhema.