Ofisi ya Ajira ya Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Nimeula! Kumbe chuo chetu kina ofisi ya ushauri wa ajira. Karibu namaliza shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji na sikuwahi kuisikia. Ipo nyuma ya maktaba, ukishapita mashine ya kutoa kopi, mlango ambao siku zote nilidhani ni wa stoo. Ndani yumo mama mmoja mpole, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Wanamwita Madamu. Anajua waajiri wote, anarekebisha wasifu wa kazi, anafanya usaili wa majaribio, na yote bure. Aliusoma wasifu wangu wote. Kisha akauliza kama "msimamizi wa foleni ya bafuni, bweni la pili" ni cheo kweli. Nimekifuta.

Habari kubwa: taasisi ya maji inatafuta ofisa utafiti. Mmoja tu. Ufadhili wangu unaisha mwezi huu, na shemeji, mume wa dada, ameshaniandalia kiti dukani kwake nikauze vigae na masinki ya choo. Anasema msomi wa maji atawafaa sana wateja wa masinki. Alicheka mpaka akakohoa. Lazima kazi hii niipate.

Jumanne, 4 Machi

Tatizo ni Kimsingi. Tunalala chumba kimoja, tunasoma kozi moja. Tulimpa jina hilo kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na "kimsingi". Ana alama nzuri kuliko zangu, na mimi hilo naliona ni utovu wa adabu. Asubuhi akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za ofisi ya ajira. Nikamwambia ipo, ila yule mama ni mkali balaa, juzi kamliza mtu mzima anayesomea uzamivu. Akasema kimsingi ataahirisha.

Waliobaki nimewamaliza kwenye kundi la simu la darasa: ofisi imefungwa kwa ukarabati. Halafu nikageuza kishale cha ukutani kinachoonyesha njia ya ofisini. Sasa kinaelekeza vyooni. Wanaohangaikia ajira angalau watapata nafuu kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Usaili wa majaribio. Madamu aliniuliza udhaifu wangu ni upi. Nikajibu kwamba ninajali wenzangu kupita kiasi. Akaandika kitu, sikukiona. Akasema nimekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino, tukarudia na kurudia mpaka nikakaa kibinadamu. Kazi yake anaijua, hilo sibishi.

Mwishoni akalalamika kwamba wanafunzi wamemkimbia ghafla, hajui kawakosea nini. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikasema vijana wa siku hizi hawajitumi. Akaniomba nimletee wenzangu. Nikaahidi kujitahidi.

Jumatatu, 10 Machi

Msajili ameifunga ofisi. Kasema chuo hakiwezi kulipa mshahara kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Huyo mmoja ni mimi!

Nilimkuta Madamu akipanga vitabu vyake kwenye boksi, macho mekundu. Amemwaga unga, na aliyeusukuma mkono namjua. Nilijisikia vibaya, sitanii. Nikambebea boksi mpaka getini. Akasema ni wachache wenye moyo kama wangu, nikajisikia vibaya zaidi.

Pale getini akaniambia nisimhurumie sana. Kabla ya kuja chuoni alikuwa mtafiti wa maji kwa miaka mingi, na ile nafasi ya taasisi bado iko wazi. Ameona na yeye aombe. Nimehangaika wiki nzima kumzuia Kimsingi, na sasa nashindana na Madamu.

Jumatano, 19 Machi

Usaili wenyewe. Tulikaa benchi moja, mimi na Madamu. Akaninyooshea tai. Akanikumbusha habari ya jino. Yeye akaingia kwanza, akatoka anatabasamu.

Mimi walinihoji kuhusu visima na mabomba yanayovuja, nikajibu vizuri tu. Wakauliza udhaifu wangu. Nikasema ninajali wenzangu kupita kiasi. Mzee mmoja akainua uso, akasema mwombaji aliyetangulia naye amewaambia hivyo hivyo kunihusu. Nilikunywa maji yao yote ya mezani.

Jioni simu ikaja. Kazi ameipata Madamu. Baada yake akapiga shemeji, anataka kujua navaa shati saizi gani, anashonesha sare za dukani. Dada alisikika nyuma akimwambia aniache nipumue. Nililia kidogo, bafuni, bomba likiwa wazi.

Ijumaa, 21 Machi

Nyota yangu imewaka! Madamu amepiga simu. Taasisi imemkubalia achukue wahitimu wajifunze kazi huku wakilipwa mshahara, na mtu wa kwanza kumfikiria ni mimi. Sharti ni moja tu: waombaji wasipungue wanne, la sivyo wakubwa zake wataufuta mpango mzima. Mwisho Jumatatu. Kwa kuwa naishi na wenzangu, akaniomba niwaambie darasa zima, hasa yule mwenye alama nzuri. Nikamwambia aniachie mimi.

Nimekaa kitandani nikaliangalia jambo hili kwa utulivu. Tukiwa wanne, kila siku nitapimwa na Kimsingi. Nikiwa mmoja, watamchukua nani mwingine? Kimsingi mwenyewe akaingia, akaniona natabasamu, akauliza kama kuna habari yoyote ya kazi. Nikamwambia hali ni mbaya, ajira zimekauka kabisa, bora apumzike. Kisha nikampigia Madamu, nikamwambia nimezunguka kwa wote na hakuna anayetaka. Nikasikia kalamu yake ikikwaruza karatasi, mstari mmoja mrefu. Nadhani alikuwa anaandika jina langu.